Njia Iliyobaki Nyuma

Mizani ndiyo iliyowakutanisha. Enzi hizo alikuwa msichana wa mizani katika uwanja mdogo wa ndege, uwanja wa ndege za injini moja zinazobeba abiria wanne au watano, mifuko ya barua, dawa za hospitali na chochote kingine kinachokubali kukunjwa. Ndege ndogo haidanganywi. Ukizidisha uzito, njia ya kurukia inaisha kabla mbawa hazijashika upepo. Kwa hiyo mizigo ilipimwa na watu nao wakapimwa, na kazi yake yeye ilikuwa kuwapandisha kwenye bamba la chuma na kuwatajia ukweli wao mbele ya wenzao. Wanawake walimpa rafiki mkoba ashike kwanza. Wanaume wenye vitambi walivuta pumzi ndani, kana kwamba kitambi kikirudi nyuma na kilo zinapungua.

"Bwana, usijibane," alikuwa akiwaambia. "Mizani haina macho, inahisi tu."

Mwalimu wa urubani alikuja kupimwa kila asubuhi. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa mrefu, mwembamba kama mlingoti, na shati lake jeupe lilipigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ungedhani itakata mtu. Alikuwa akipanda kwenye bamba, anasimama wima kama askari, anangoja hukumu.

"Ni ule ule wa jana, Mwalimu."

"Angalia vizuri. Jana sikulala."

"Kukosa usingizi hakuongezi kilo."

"Na kinachonikosesha usingizi je? Hicho hakina uzito?"

Fundi wa ndege, aliyekuwa mlangoni akijifuta grisi mikononi, aliguna. "Dada, mpe mwenzio jibu," alisema. "Ataimaliza hiyo mizani kwa kuipanda."

Jibu lilikuja kwa mlango wa nyuma. Msichana alimwambia Mwalimu kwamba hataki soda wala matembezi, anataka kufundishwa kuruka. Mwalimu alicheka, kisha akaona kuwa anacheka peke yake. Siku iliyofuata alimkalisha kwenye kiti cha rubani, na hapo tatizo likajionyesha: alikuwa mfupi. Miguu iligusa pedali kwa vidole, na macho yaliishia kwenye saa za dashibodi. Mama yake Mwalimu, dobi aliyekuwa akifua na kupiga pasi nguo za nusu ya mtaa, alishona mto mgumu wa turubai na kuushindilia mabaki ya vitambaa. Msichana aliukalia mto ule, dunia ikaonekana. Tangu siku hiyo uwanja mzima ukamwita Mto. Wageni wakisikia walidhani ni mto wa maji, wakamuuliza unapita wapi.

"Unapita juu," aliwajibu.

Mwalimu alikuwa mtu wa utani ardhini. Ndani ya ndege utani aliuacha mlangoni pamoja na matope ya viatu. Walipofika mwanzo wa njia, pua imeelekea mbele na injini inaunguruma taratibu, aliuliza maswali yale yale, kwa sauti ile ile, siku zote.

"Injini ikizimika tukiwa bado chini?"

"Nafunga mafuta, nakanyaga breki."

"Ikizimika tukishapita juu ya miti ile?"

"Nashusha pua. Natafuta pa kutua mbele yangu."

"Na njia ya kurukia?"

"Ipo nyuma."

"Ni ya nani?"

"Si yangu tena."

Ndipo alipomruhusu kusukuma wenzo wa injini. Alimweleza sababu mara nyingi, kwa kiganja chake kilichogeuzwa ndege. Inapopanda, ndege imeinua pua na mwendo wake ni haba. Injini ikikata, mwendo huo unayeyuka kabla hujamaliza kushangaa. Ukishusha pua upesi, mbawa zinaendelea kukubeba, unateleza kama mtu anayeshuka kilima. Ukigeuka kutaka kurudi ulikotoka, bawa la upande wa ndani linachoka kwanza, linaanguka, na ndege nzima inalifuata. "Injini kuzimika hakuui," alikuwa akisema, na kiganja chake kinapinduka na kupiga goti. "Kinachoua ni kugeuka."

Walioana Mto akiwa na leseni mfukoni. Waliishi katika vyumba viwili vilivyotazama ua mdogo wa saruji, chumba kimoja chao, kingine cha mama mkwe na meza yake ya pasi, na katikati ukuta mwembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya huku, kule anaambiwa pole. Walipishana angani na kukutana mezani. Yeye akitua, mwenzake anaruka. Wakionana njiani kwenye nyasi, mmoja anashuka na mwingine anapanda, walipeana tu mkono kama wachezaji wanaobadilishana. Jioni Mwalimu alivua viatu uani, akanyoosha miguu ile mirefu mpaka karibu na beseni la mama yake, na mama akamwambia, "Kunja hizo ngazi, watu wapite."

*

Asubuhi ile Mwalimu alikuwa na shehena ya vifaranga. Maboksi ya karatasi ngumu yenye matundu, yamepangwa mpaka darini, kila boksi likilia kwa sauti nyembamba. Mto alikuwa kwenye ndege ya pembeni akifuta kioo kwa kitambaa kibichi, maana zamu yake ya kupeleka wauguzi ilikuwa baadaye. Mwalimu alipita akiinua boksi moja juu ya kichwa.

"Abiria wa leo hawakujibana kwenye mizani," alisema.

"Hao ndio wanakufaa. Hawajui unavyoruka."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya mwisho. Baadaye Mto aliyatafuta mara nyingi, akitamani kuwa na mengine yaliyo mazito zaidi, lakini hayo ndiyo yaliyokuwepo.

Aliisikia ndege ikikimbia, ikiacha ardhi. Aliujua mlio wa injini ile kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe, kwa hiyo hakuinua macho. Aliyainua mlio ulipokatika.

Ndege ilikuwa imeshapita miti, ingali chini, pua juu. Mbele yake palikuwa na shamba lililotoka kuvunwa, tupu na tambarare. Mto alilijua shamba lile, na Mwalimu alilijua zaidi; mara ngapi walilionyeshana kwa kidole wakisema, hapa, likitokea, ni hapa? "Shusha pua," Mto alisema kwa sauti, kitambaa mkononi. "Shusha, shusha." Pua ilianza kushuka. Kisha bawa la kushoto likainama.

Alikuwa anageuka.

Alifika karibu nusu ya mzunguko. Kwa kitambo kifupi kioo cha ndege kilimtazama Mto moja kwa moja, na kama jua lisingekuwa ndani yake pengine angeuona uso. Kisha bawa likaanguka, na ndege ikalifuata.

Fundi alifika wa kwanza, Mto nyuma yake, viatu vimebaki njiani. Hakukuwa na moto. Hakukuwa na la kufanya pia. Maboksi yalikuwa yamepasuka, na vifaranga waliobaki hai walikuwa wakitembea kwenye nyasi, wa njano, wengi, wakilia na kutafuta joto. Walipanda juu ya miguu ya watu. Fundi aliutumia mchana wote kuwakusanya mmoja mmoja ndani ya kofia yake, maana hakujua pengine pa kuipeleka mikono yake.

Wachunguzi walikuja, wakafungua injini, wakakuta valvu imevunjika ndani. Chuma kimechoka, walisema, na ufa wake usingeonekana kwa macho. Hakuna wa kulaumiwa. Kuhusu kugeuka walisema sentensi moja tu: rubani alijaribu kurudi uwanjani. Watu wa uwanjani walisema zaidi ya hapo, ingawa kwa sauti ya chini. Mganga hajigangi, walisema. Mtu aliyewakataza wenzake mpaka wakachoka, kaja kufanya yeye.

Msibani, mama mkwe alikaa siku nzima akipokea mikono ya wageni. Wageni walipopungua alimgeukia mkwewe.

"Alikuwa anarudi kuchukua nini?"

"Mama?"

"Wamesema alikuwa anarudi. Mtu harudi bure. Alisahau kitu?"

"Hakusahau kitu, mama."

"Mlikosana?"

"Hatukukosana."

Mama mkwe alimtazama kwa muda, si kwa ubaya, ila kwa namna mtu anavyotazama mlango uliofungwa ambao anajua kuna mtu ndani. Kisha akageuza uso. Hakuuliza tena, lakini swali lilibaki uani pale, wakalikwepa kama wanavyokwepa kamba ya kuanikia nguo, kwa kuinamisha kichwa.

*

Miaka ilipita, nao wawili wakaendelea kuishi pande mbili za ukuta mmoja. Mto angeweza kurudi kwao. Hata kaka zake walikuja na gari kumchukua. Hakwenda. Aliwaambia kazi iko huku. Mama mkwe, aliyekuwa akisikia kupitia ukutani, siku hiyo alipika kwa watu wawili bila kuuliza, na tangu hapo wakawa wanakula pamoja, wakizungumza bei ya sabuni na jirani anayecheka mno.

Mashati ya marehemu alikuwa nayo mama mkwe. Nguo za wateja alizipiga pasi mchana, barazani, redio ikiimba. Lakini kuna jioni alizokuwa akifunga mlango wake, na Mto, aliyekaa kitandani upande wa pili, alisikia pasi ikigonga meza taratibu na kunusa wanga wa moto. Alijua ni mashati yapi. Hakuna aliyeyavaa, hakuna aliyeyachafua, ila yalifuliwa na kunyooshwa kana kwamba kesho kuna safari. Mto alikuwa akiegemeza mgongo ukutani mpaka mlio uishe. Alitamani kubisha hodi, amwombe hata moja alishike. Aliona aibu. Mjane akamwombe mama nguo ya mwanawe!

Kwanza alirudi kwenye mizani, akidhani ardhi itamfaa. Haikumfaa. Kila asubuhi, saa ile aliyokuwa akija Mwalimu, mikono yake iliacha kazi na macho yakaenda mlangoni. Akaona heri angani. Huko angalau kuna cha kufanya na mikono.

Hivyo akarudi kwenye mto wake wa turubai. Kila alipofika mwanzo wa njia, aliuliza maswali kwa sauti na kuyajibu mwenyewe, abiria wakadhani anasali. "Na njia ya kurukia? Ipo nyuma. Ni ya nani?" Hapo alikuwa akinyamaza kidogo, kwa mazoea, kama mtu aliyeachia mwenzake nafasi ya kukohoa. Kisha anajibu na kuruka. Akipita juu ya shamba lile hakuliangalia. Kuna siku alimkasirikia mpaka akamsemesha peke yake angani: "Mimi ulinifundisha. Wewe nani alikudanganya?" Hasira ikiisha, kilichobaki ni hamu tupu. Aliitamani miguu ile mirefu uani. Aliitamani harufu ya petroli na sabuni ya mche. Alitamani hata kuulizwa maswali yale ya kuchosha na mtu anayeyajua majibu.

Alikuwa rubani mzuri, mwangalifu, na hakuna lililomtokea kwa muda mrefu. Lilipotokea, halikubisha hodi.

*

Mto mkubwa ulikuwa umefurika, na mpima ardhi mmoja akaja na kamera na ramani ndefu iliyokunjwa kama shuka, azungushwe juu ya mashamba yaliyozama. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, na alipopanda kwenye mizani alifumba macho.

"Usinitajie," alisema. "Tangu mke wangu afariki hakuna anayenitajia."

Ndani ya ndege alifunga mkanda, akaufungua, akaufunga tena.

"Hivi rubani, parachuti lipo?"

"Mkanda upo."

"Mkanda tu?"

"Na sala zako, kama unazo."

"Ninazo," alisema mpima ardhi, "lakini nimezitumia zote kwenye mizani."

Mto alicheka. Aliuliza maswali yake, akajibu, akasukuma injini. Ndege ilikimbia, ikawa nyepesi, ikaacha ardhi. Miti ilipita chini. Kisha injini ikakohoa mara moja, ikakohoa tena, ikanyamaza.

Kimya cha injini iliyozimika angani hakifanani na kimya kingine. Unasikia upepo kwenye mbawa, unasikia kiti kikilia, unasikia mtu wa pembeni anameza mate. Mbele palikuwa na shamba la alizeti, limesimama, limechanua. Baada yake mtaro, baada ya mtaro tanuri za matofali. Alijua la kufanya. Alilijua kama jina lake.

Na bado mkono wake wa kushoto ulianza kuzungusha usukani.

Bawa liliinama kidogo, na katika dirisha la pembeni njia ya kurukia ikatokea. Ilikuwa karibu, ndefu, safi, imenyooka kama shuka lililotoka kwenye pasi. Alitegemea kwamba siku likimfika atahisi hofu. Haikuwa hofu. Ilikuwa hamu. Aliitamani njia ile kama mtoto aliyepotea sokoni anavyoutamani mgongo wa mama yake anapouona katikati ya watu. Banda la ndege lilikuwa kule, na Fundi, na chai yake aliyoiacha imefunikwa sahani. Kila alichokuwa nacho duniani kilikuwa kule nyuma, na kilimwita. Mbele hakukuwa na kitu cha mtu yeyote anayemjua. Mwili wake mzima ulikuwa umeshageuka, umebaki mkono tu kumalizia.

Ndiyo hii, aliwaza. Ndiyo hii iliyokugeuza, mume wangu.

Angependa kusema kwamba sauti ya Mwalimu ndiyo iliyomwokoa. Haikuja. Waliokuja ni vifaranga. Aliwasikia, wale wale, sauti zao nyembamba kwenye nyasi, na mkono wake ukarudi, ukausukuma usukani mbele. Pua ikashuka. Njia ikatoka dirishani. Shamba la alizeti likajaa kioo kizima, likaja juu haraka, la njano mpaka likawa la kutisha.

"Jishike!" alisema.

Vichwa vya alizeti vilipiga kioo kama makofi. Magurudumu yakagusa, yakakimbia, yakakuta tuta, na ndege ikaenda kwa pua, ikasimama kichwa chini kidogo kana kwamba inafikiri, kisha ikalala chali. Kitu kilikatika begani kwake. Halafu pakatulia. Mbegu zilidondoka moja moja kwenye bati.

Wote wawili walikuwa wananing'inia kwenye mikanda, ramani imefunguka chini yao kwenye dari.

"Rubani," mpima ardhi aliita. "Tumefika?"

"Tumefika."

"Mbona mapema?"

*

Fundi alifika mbio shambani, analia kabla hajajua kama kuna sababu. Pampu ya mafuta ndiyo iliyokufa, walikuja kugundua baadaye. Mpima ardhi alitoka na mkwaruzo wa paji la uso. Mto alivunjika mfupa wa bega, akalazwa hospitali, mkono umefungwa kifuani, katika wodi ambayo feni yake ilizunguka kwa kusitasita.

Mama mkwe aliingia na chupa ya chai na khanga mbili zilizotoka kwenye pasi, bado zina uvuguvugu. Alisimama kando ya kitanda akamkagua mkwewe kuanzia kichwani, kama anavyokagua nguo aliyopokea kabla ya kumwandikia mteja risiti.

"Umepona," alisema.

"Nimepona, mama."

"Wamesema hukugeuka."

"Mama, kaa kwanza."

Mama mkwe alikaa. Mto aliangalia feni. Maneno aliyokuwa ameyapanga tangu asubuhi yalikuwa yametawanyika.

"Uliniuliza alikuwa anarudi kuchukua nini," alisema. "Sasa najua."

Mama mkwe aliweka chupa chini polepole.

"Hakuwa anachukua kitu. Alikuwa anarudi tu. Mama, injini ikinyamaza, nyuma kunakuita. Siwezi kukueleza unavyoita. Si ujinga, si kusahau. Mimi mwenyewe niliyekatazwa, niliyeona kwa macho yangu, mkono wangu ulianza kugeuka. Uliniponyoka. Nilitaka nyumbani tu."

"Lakini wewe hukumaliza."

"Mimi nilimwona yeye. Yeye hakuwa amemwona mtu."

Mama mkwe alivuta ncha ya khanga, akainyoosha pale ambapo haikuwa na mkunjo. Muuguzi alipita na kigari cha dawa, akaenda mpaka mwisho wa wodi, akarudi.

"Alipokuwa mdogo," mama mkwe alisema mwishowe, "nikimtuma dukani, akifika kwenye kona alikuwa anageuka kuangalia kama bado nimesimama mlangoni."

"Na ulikuwa umesimama?"

"Si kila mara. Nilikuwa na nguo za watu, mwanangu." Akaikunja tena khanga. "Nilikuwa na nguo za watu."

Mto alinyoosha mkono mzima akamshika. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kumwona akilia, na alilia kama watu wa kazi wanavyolia, amenyoosha mgongo, akijifuta upesi, akitazama saa ya ukutani. Alipomaliza alimimina chai, akainywa yeye, kisha akakumbuka kuwa aliileta kwa mgonjwa.

Siku Mto aliporudi nyumbani alikuta shati moja jeupe limekunjwa juu ya mto wake wa kulalia.

*

Mfupa uliunga, ingawa bega lilibaki chini kidogo upande mmoja, akatembea kama mtu aliyebeba ndoo. Uwanja ulimwomba afundishe. Alikubali. Maswali ya mwanzo wa njia aliwafundisha wanafunzi kama alivyofundishwa, lakini aliongeza ambalo Mwalimu hakulijua. Aliwapandisha juu sana, mahali penye nafasi ya kukosea, akapunguza injini ghafla, akawaambia wageuke kama wanaorudi uwanjani, waone wenyewe ndege inavyopoteza kimo. Kisha, wakiwa bado wanatokwa jasho, aliwaambia: "Hayo ni mahesabu, mtayaelewa. Sasa nisikilizeni. Mtatamani kurudi. Mtatamani kuliko mlivyowahi kutamani kitu. Asiwadanganye mtu kwamba wanaogeuka ni wajinga." Baadhi walicheka kwa wasiwasi. Wenye akili hawakucheka.

Mpima ardhi alikuja kumtazama hospitalini, kisha nyumbani, kisha akawa anakuja bila sababu, na kila akija anampelekea mama mkwe chupa ya mafuta ya alizeti, mpaka mama mkwe akasema hata wakaanga samaki hawana shehena hii. Alimfanya Mto acheke. Siku moja, amesimama uani amejikunyata chini ya kamba ya nguo, alisema alilokuja kulisema. Alisema si kijana, nyumba yake ni kimya, na kwamba mtu mliyening'inia naye kichwa chini hamna tena la kufichana. Mto alimshukuru, akamwomba ampe muda. Mpima ardhi alisema muda anao, akaondoka akiinama, kofia mkononi.

Mama mkwe alikuwa barazani akinyunyizia maji nguo za wateja. Aliyasikia yote, kama kawaida ya ukuta ule na ua ule.

"Ni mtu mwema," alisema bila kuinua kichwa.

"Ni mwema."

"Mimi ni mama yake, siwezi kuacha kumngoja. Ndiyo umama. Wewe hujafungwa. Ukienda, nitakuja kwenye harusi, na nguo yako nitaipiga pasi mimi."

Mto aliinua macho. Juu, ndege ndogo ilikuwa inapanda, injini yake inavuta vizuri. Ni mwanafunzi wake, siku yake ya kwanza peke yake. Wote wawili walisikiliza mpaka mlio ukawa mbali na salama, kama walivyokuwa wakifanya kwa kila ndege, bila kuambiana.

"Bado, mama," alisema Mto. "Huenda baadaye. Bado nasikiliza mlangoni."

Mama mkwe alitikisa kichwa, si kumkatalia. Aliinua pasi, akatemea tone la mate chini yake, likachemka.

"Haya," alisema. "Basi shika ncha ile ya shuka, uvute. Hili moja siliwezi peke yangu."